Kamba Iliyoachwa Nje

Kila jioni, kabla ya kwenda nyumbani, mwanafunzi wa zamu alifungua bembea na kuiingiza stoo. Bembea ya shule ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sepuka, ilikuwa na kamba za ngozi ya ng'ombe. Wazee walizisokota wenyewe, wakazipaka mafuta ya kondoo zisikakamae. Kamba za namna hiyo hazilali nje. Fisi huzila kama nyama.

Wiki ile zamu ilikuwa ya Esta wa darasa la nne. Jioni moja wingu lilitanda, akakimbia nyumbani kuanua mtama, akaisahau bembea. Asubuhi alikuta kamba moja imetafunwa karibu na ubao wa kukalia, imebaki nyembamba kama kidole cha mtoto. Alijua inampasa kumwambia Mwalimu Melkizedeki. Lakini Theresia wa darasa lake alipowahi kusahau, bembea ilifungwa wiki nzima, na wenzake wakamwita Mke wa Fisi mpaka akalia. Basi Esta akaizungusha kamba, sehemu iliyoliwa ikajificha chini ya ubao.

Saa nne, wa kwanza kupanda alikuwa Alute, mdogo wake wa darasa la kwanza. Esta akamwambia ashuke.

"Dada, jana ulipanda wewe," Alute akajibu. "Leo unanionea wivu."

Watoto wakacheka, wakamsukuma. Esta akakumbuka jina la Mke wa Fisi, akasogea kando bila kutaja sababu. Kamba ikakatika Alute akiwa juu kabisa.

Ardhi ya pale ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama saruji. Alute hakulia, na hilo ndilo lililowatisha. Mkono ulikuwa umepinda, macho ameyafumba. Wanaume wakaacha majembe kwenye shamba la kijiji, wakambeba kwa kitanda cha kamba kwenda zahanati. Mama yao, Dorika, alikwenda kando ya kitanda akimwita mwanawe kwa Kinyaturu, asijibiwe. Njiani Esta alimweleza yote. Mama hakugeuka. Afadhali angemchapa.

Mganga aliufunga mkono kwa vijiti. Akasema mtoto asipozinduka itabidi apelekwe Singida mjini, na gari hakuna. Wakakaa chini, mama ameuma kanga. Jua lilikuwa linazama Alute alipotapika, akafumbua macho, akaomba maji.

Jumamosi wazazi na watoto walisomba mchanga wa korongoni, wakaumwaga chini ya bembea mpaka miguu ikazama. Kamba zikawekwa za katani. Mwalimu akasema atazivuta mwenyewe kila asubuhi kabla mtoto hajapanda, na kwamba atakayekuja kusema ukweli hataadhibiwa.

Ndipo mama Dorika akamshika Esta bega.

"Ukiona kitu kibovu mahali wanapochezea watoto, sema hapo hapo, hata wakucheke. Kuchekwa kunaisha, mwanangu. Mimi nilitembea njia yote ile nikidhani nasindikiza maiti."