Maharage ya Marehemu

Mama mkwe alikiweka kijiko mezani taratibu, kama mtu anayetua yai juu ya kioo.

"Nani amepika haya maharage?"

"Mimi, Mama," alijibu Fundi, bibi harusi wa wiki tatu, mshona nguo kwa kazi na mwoga kwa kuzaliwa.

"Sema kweli."

"Haki ya Mungu, ni mimi."

Mama mkwe akajifuta chozi. "Huu ni mkono wa marehemu, mke wa kwanza wa mwanangu. Mwaka wa pili yuko kaburini, na leo kanipakulia."

Fundi akamtazama mumewe. Mume huyu waliyemwita Baridi alitengeneza majokofu, na maneno yalimtoka moja moja kama vipande vya barafu. Aliinamia sahani kama mwanafunzi aliyekutana na mtihani wa somo asilolisoma.

Fundi akaonja tena. Kulikuwa na vitunguu vilivyokaangwa hadi kingo zikawa kahawia, na utamu kidogo kwa mbali. Yeye hakukaanga kitunguu. Sukari ndiyo kabisa, hakuigusa.

Jumatano ikawa vilevile. Akamwandikia dada yake:

"Dada, marehemu ameingia tena jikoni kwangu."

Jibu likaja: "Muulize kama anafua pia."

"Sitanii! Nikila naona kama kuna mtu ananitazama mdomoni."

"Basi rudi nyumbani, mdogo wangu. Mume hagawanywi na kaburi."

Alhamisi Fundi aliipua maharage, akafunika sufuria kwa kitambaa na kukifunga kwa uzi mwekundu, fundo la mizunguko mitatu, lile la kishonaji. Akaenda chumba cha mbele kumpima mteja kiuno. Aliporudi, uzi ulikuwa palepale na kitambaa kilikuwa palepale. Fundo lilikuwa la mizunguko miwili.

Nywele zilimsimama, hata zile za kubandika.

Ijumaa, saa tano asubuhi, jua likiwa limetanda hadi sakafuni, Fundi alijibana ndani ya kabati la unga, nguo zake zikiwa tayari begini. Kama ni mzuka, ataondoka. Kama ni mtu, ataondoka pia, lakini baada ya kumtukana.

Mlango wa nyuma ukalia. Nyayo zikaingia. Kisu kikaanza kukatakata, mafuta yakachemka, harufu ya kitunguu ikajaa. Fundi akachungulia kwenye ufa. Aliona aproni ya maua, ile iliyokunjwa kwenye sanduku la marehemu. Aproni ikageuka.

Ndani yake alikuwamo Baridi.

Akachota mchuzi, akaupuliza, kisha akaunyoosha mkono wenye kijiko kuelekea kigoda kitupu pembeni ya jiko.

"Onja, mpenzi," akasema. "Imekolea?"

Akasubiri. Alisubiri kweli, kichwa kikiwa kimeinama upande, kama mtu aliyezoea kujibiwa.

"Bado chumvi," ikasema sauti kutoka kabatini.

Baridi alipiga ukelele ambao majirani wanausimulia hadi leo. Kijiko kikaruka. Fundi akatoka mweupe pe kwa unga, akionekana mzuka kuliko mzuka wenyewe.

"Kwa hiyo ni wewe!"

"Nilidhani... nilidhani ni yeye."

"Ndiyo maana nakuuliza, Baridi. Umenioa mimi au umemtafutia marehemu jiko?"

Akakaa chini. Barafu ikaanza kuyeyuka.

"Hakujua kupika. Hata maji yalimuungulia. Mama alikuwa ameapa kwamba mke asiyejua kupika hakai nyumba hii. Basi nikawa napika mimi, yeye anapakua, Mama anasifu. Miaka minne."

"Na mimi je?"

"Wiki ya kwanza Mama alisema chakula chako hakina ladha. Nikaogopa. Halafu nikianza kukaanga, mkono unakwenda wenyewe. Naongea naye. Najua hayupo, Fundi. Lakini kijiko hakijui."

Fundi alitamani kumkumbatia, na alitamani kumpiga na mwiko.

"Nisikilize, mume wangu. Unanificha ndani ya sufuria ya mwenzangu. Leo mezani utamwambia Mama, mbele yangu. Usipomwambia, sahani zikioshwa mimi sipo."

Mchana Baridi alipakua mwenyewe, aproni ikiwa bado kiunoni.

"Mama, haya nimepika mimi."

"Acha utani."

"Na yale ya miaka minne nilipika mimi. Yote."

Mama mkwe alitafuna mara moja, akaacha.

"Mazishini," akasema polepole, "nilisimama nikasema tumezika mkono wa jiko. Watu wakalia."

"Nilikusikia, Mama."

"Kumbe sikusema hata neno moja juu yake." Akaisukuma sahani kando. "Basi yeye alikuwa mtu gani?"

Baridi akamtazama Fundi, kama anayeomba ruhusa. Fundi akavuta kiti, akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Mwambie," akasema. "Na mimi nataka kumjua."

"Alikuwa akibishana na watangazaji wa redio," Baridi akaanza. "Alipiga mluzi kuliko wavulana. Aliogopa nondo, Mama, nondo wa taa! Nikikaanga vitunguu, ananisomea gazeti, na asipopenda habari anabuni yake."

Mama mkwe akacheka, kisha akalia, safari hii bila kuyagusa maharage.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Nilimzika mtu nisiyemjua."