Video ya Dorotea

Asubuhi, kama kawaida, Boke alifagia uwanja, akawafungulia mbuzi, kisha akashika njia ya shule. Wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wamepaa makundi kwa makundi, na ukitazama kutoka mtaa wao wa Bweri ungedhani ziwa linafuka moshi. Nyumba za ufukweni zilionekana nusunusu kwenye ukungu huo wa wadudu. Mfukoni alikuwa na simu ya kaka yake, Nyamhanga, aliyoichukua bila kuomba.

Wakati wa mapumziko, Dorotea, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa akisimulia jambo, mara akanyamaza katikati ya neno. Macho yake yalibaki wazi, yakitazama mbali kupita ukuta. Midomo ilichezacheza kama ya mtu anayeota. Ulikuwa ugonjwa wake wa kifafa, na darasa zima lilijua kwamba anakunywa dawa. Boke alitoa simu akarekodi video. Akaweka sauti ya ng'ombe na maneno, "Ameenda kuzimu, atarudi kesho," akaituma kwenye kundi la WhatsApp ambalo wanafunzi walilisoma kwa simu za ndugu zao.

Jioni video ilikuwa imefika hadi mji wa Bunda. Kesho yake Dorotea hakuja shule. Kwa aibu alianza kutema dawa kwa siri, asionekane mgonjwa. Siku ya nne hali ile ilimpata akiwa mbele ya jiko la mkaa, akaangukia sufuria ya uji. Mkono wake uliungua mpaka kwenye kiwiko.

Mama yake Dorotea alikwenda kushtaki, na Ijumaa mchana Nyamhanga aliitwa polisi.

"Wanasema video imetoka kwenye laini yangu," alimwambia Boke. "Nimeisajili kwa kidole changu mwenyewe. Unajua chochote?"

"Sijui, kaka."

Nyamhanga akaondoka kwenda kituoni. Boke alikaa kizingitini. Kuku walipita miguuni pake na hakusikia sauti yao. Kila kitu kilionekana mbali, kama anakitazama kupitia maji. Mawazoni alimwona kaka yake amekaa kwenye benchi la polisi, akiulizwa maswali asiyojua majibu yake. Akainuka, akatembea mpaka kituoni bila kukumbuka njia aliyopita.

Kwenye dawati la jinsia na watoto aliwakuta Nyamhanga, mama yake Dorotea, na askari aliyeitwa Afande Judith.

"Shikamoo, afande. Ni mimi niliyetuma," alisema Boke. "Kaka hajui kitu."

Mama Dorotea aliinamisha kichwa. Afande alivuta kiti. "Kaa. Eleza polepole."

Boke alieleza yote. Mwishoni akanong'ona, "Lakini mkono sikumuunguza mimi. Sikuwepo."

"Hukuwepo," alisema afande. "Lakini kumdhalilisha mtu kwa simu ni kosa kisheria. Na madhara yakitokea, aliyeumia anaweza kudai haki yake kwako na kwa wazazi wako. Kaka yako tumemwita kwa sababu laini ina jina lake. Angeweza kubeba mzigo wako."

Kwa kuwa Boke alikuwa na miaka kumi na mitatu, aliitwa ofisa ustawi wa jamii, na familia mbili zikakaa pamoja. Mama Dorotea alikubali wasifike mahakamani. Boke aliandika maelezo yake, akajirekodi akitaja jina lake na kosa lake, akaituma sauti hiyo kwenye kundi lilelile. Muhula mzima angeripoti kwa ofisa huyo. Waliosambaza nao waliifuta video.

Jumapili alikwenda kumwona Dorotea.

"Ukiwa kule, unaonaga nini?" alimuuliza.

"Sionagi kitu. Kunakuwaga kimya tu," alijibu Dorotea. "Nikirudi natazamaga nyuso zenu, nijue kama mmenicheka."

Boke alilia. Dorotea alimsogezea kigoda kwa mkono usioungua.

Baada ya wiki mbili Dorotea alirudi darasani, dawa akizinywa tena. Siku hiyo Afande Judith alikuja kuzungumza na wanafunzi.

"Aliyetengeneza video ana kosa," alisema. "Aliyeipeleka mbele naye ana lake. Simu haifichi mtu, na neno 'nilitania' haliponyeshi kidonda. Kabla hujatuma kitu kuhusu mwenzako, jiulize kama ungeweza kumwonyesha mama yake, umesimama mbele yake, na jina lako ukalitaja. Kama huwezi, usitume. Na kama umeshatuma, fanya alivyofanya Boke: nenda ukaseme ni wewe, kabla mwingine hajaumia."