Fuawe ya Mama Mfuaji

Asubuhi za Mama Mfuaji zilianza kwa sala, kisha maji. Alimshukuru Mungu kwa kumwamsha, akafungua bomba la uani, akajaza mabeseni. Alikuwa mjane. Alifua nguo za watu na mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa mtaa wa pili. Ndiyo maana watu walimwita hivyo. Kwa kufua alisomesha watoto, na kwa kufua aliezeka nyumba.

Lakini moyoni alikuwa na kufua kwingine.

Baba yake alikuwa mhunzi. Alifua chuma. Alitengeneza makomeo na bawaba za milango, na hasa kulabu za kutundikia vitu ukutani. Kulabu zake zilikuwa na shingo iliyosokotwa kama kamba. Mama Mfuaji, wakati huo msichana mdogo, alikaa ng'ambo ya moto akivuta mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia hewa. Nyundo alipewa kaka yake.

"Wewe vuta tu, mwanangu," baba alikuwa akimwambia. "Moto ukizima, sote tumekwisha."

Akavuta. Lakini macho yake hayakutoka kwenye mikono ya baba.

Baba alifariki, Mungu amrehemu. Vifaa vyake viliuzwa. Nyumba zenye kulabu zake zilivunjwa, zikajengwa nyingine. Haikubaki hata kulabu moja. Tangu hapo Mama Mfuaji alitamani jambo moja: kufua kulabu moja kwa mkono wake mwenyewe, kabla nguvu hazijamwishia. Akipita mahali panapogongwa chuma, hatua zake zilipungua zenyewe.

Magoti yalipoanza kumsumbua, watoto walimwachisha kazi. Mwanawe mkubwa, Dereva wa lori, alimkalisha kwenye kiti.

"Mama, umetulea. Sasa ni zamu yetu. Sema, unataka nini?"

Mama Mfuaji aliona haya. Alitazama vidole vyake.

"Nataka cha kufulia," alisema.

"Hicho tu?"

"Hicho tu, mwanangu."

Jumamosi lori likasimama mlangoni. Dereva akateremsha mashine ya kufulia nguo, nyeupe pe, bado imefungwa nailoni. Mkewe akapiga vigelegele. Mama Mfuaji akaizunguka ile mashine. Akagusa kifuniko. Machozi yakamlengalenga.

"Unaona?" Dereva akamwambia mkewe. "Amefurahi mpaka analia."

"Mungu akuzidishie, mwanangu," mama alisema. "Lakini mimi nilitaka cha kufulia chuma."

Wakatazamana.

"Chuma?"

"Chuma. Fuawe. Lile pande zito ambalo mhunzi analaza chuma cha moto juu yake, akakigonga."

Mkwe alicheka mpaka akaketi juu ya boksi la mashine. "Jamani, mama! Miaka yote unatufulia soksi, kumbe roho yako iko kwenye fuawe!"

"Mama, wenzako wa umri huu wanafuma vitambaa," alisema Dereva.

"Na wafume. Nani amewakataza?"

Mashine ilibaki kwa mkwe, na mkwe hakulalamika. Dereva naye hakutaka kushindwa mara mbili. Alikwenda duka la vifaa, akarudi na fuawe mpya. Ilipakwa rangi ya bluu. Mbele ilikuwa na pembe iliyochongoka vizuri, ile sehemu ya mviringo ya kupindia chuma. Ilipendeza kama pambo la sebuleni.

"Muuzaji ameniapia kwamba ni imara," alisema.

Mama Mfuaji aliiweka juu ya meza yake ya kupigia pasi. Akawasha makaa ndani ya rimu kuukuu ya lori. Akasema bismillahi, akatoa ufito wa chuma uliokuwa mwekundu, akagonga.

Du.

Akagonga tena. Du. Meza ikatikisika. Fuawe ikasogea kidogo kidogo kama kuku anayetafuta mlango. Chuma kikapoa kabla hakijanyooka. Akakirudisha motoni, akagonga, kikapoa tena. Kufikia alasiri bega lilikuwa linawaka, na ufito ulikuwa na mabonde tu. Hata uso wa fuawe wenyewe ulikuwa umebonyea.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mwishowe Mama Mfuaji alichukua shuka kuukuu, akaifunika fuawe yote, kama mtu anavyofunika maiti.

"Vipi, mama?" mkwe aliuliza.

"Nimechelewa, binti yangu. Huu mkono umezeeka. Kazi ya baba imenipita."

Mkwe hakucheka safari hii. Aliona jinsi uso wa mama mkwe wake ulivyonyong'onyea, na hakupenda. Alijifunga kitenge, akaenda gereji kumwita Fundi Springi. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Mama Mfuaji. Kazi yake ni kupinda na kunyoosha springi za mabasi, na maneno yake ni mengi kuliko springi.

Fundi Springi aliingia uani na ovaroli lake la mafuta.

"Shemeji! Nimesikia umefiwa na fuawe. Nimekuja kutoa pole."

"Acha utani, shemeji. Mimi ndiye niliyekufa, siyo fuawe."

"Hebu tumfunue kwanza marehemu."

Alivuta ile shuka. Kisha akatoa mfukoni goroli ya chuma, iliyotoka kwenye beringi ya gurudumu.

"Hee!" mkwe akasema. "Mzee mzima anacheza goroli?"

"Daktari ana kipimajoto. Mimi nina goroli. Tazameni."

Aliishika goroli juu ya fuawe, kimo cha shubiri moja, akaiachia. Goroli ikaanguka, pu, ikaruka kidogo tu, ikabingirika hadi chini.

"Mmeona? Hii imelala usingizi. Fuawe nzuri inairudisha goroli juu. Ikirudi zaidi ya nusu ya njia, chukua. Ikirudi robo tu, iache. Na inavyofanya kwa goroli ndivyo inavyofanya kwa nyundo. Fuawe nzuri inakusaidia kuinua nyundo. Hii inaimeza nguvu yako yote, halafu unaidhania mikono yako ndiyo mibovu."

Mama Mfuaji aliinua kichwa. "Kwa hiyo siyo mkono?"

"Mkono uliofua mashuka ya nyumba nzima ya wageni? Shemeji, mimi naogopa kukusalimia kwa huo mkono."

"Lakini ni mpya!" alisema Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mpya ndiyo, ila chuma chake ni laini. Kimeyeyushwa, kikamiminwa kwenye umbo, basi. Kinafaa kwa kugonga mabati. Kwa chuma cha moto, uso wa fuawe lazima uwe mgumu. Uwe wa chuma cha pua, kile kigumu kama cha springi. Hii ukiigonga ukingoni, kipande kitaruka kikutoe jicho. Irudishe dukani, bwana, mwonyeshe muuzaji ulivyobonyea. Omba badala yake nyundo nzuri, koleo, na miwani ya kazi. Usimruhusu mama yako agonge tena bila miwani."

Kesho yake walikwenda wote wanne kwenye ua wa vyuma chakavu. Palikuwa na injini, milango ya magari, na mabomba yaliyorundikwa kama kuni. Mama Mfuaji alitembea polepole katikati ya vyuma hivyo. Ghafla akasimama.

Ilikuwa fuawe kuukuu, nyeusi, pana kifuani na nyembamba kiunoni. Pembe yake ilikuwa imeng'arishwa na kazi. Alipiga magoti mbele yake bila kukumbuka kwamba magoti yanauma.

"Ni kama ya baba," alisema. "Kama yenyewe. Nachukua hii."

"Taratibu, shemeji. Tuipime."

"Haina haja ya kupimwa."

Fundi Springi hakubishana. Aliidondosha goroli upande wa kulia. Ikaruka vizuri. Katikati, ikaruka. Upande wa kushoto, pu. Akachukua nyundo ndogo akaigonga pembeni. Badala ya mlio safi, ikatoa sauti ya kikombe chenye ufa.

"Imepasuka ndani," alisema. "Huku juu huoni kitu, lakini goroli imeona. Utafua wiki mbili, halafu utabaki na vipande viwili."

"Nitagonga polepole. Upande wa kulia tu."

"Shemeji."

"Niache, bwana. Naitaka hiihii."

Fundi Springi alichuchumaa karibu naye. Alisema kwa sauti ya chini, bila utani wowote. "Unanunua fuawe, au unamnunua baba?"

Mama Mfuaji aliweka kiganja chake juu ya kile chuma baridi. Akakaa hivyo kwa muda. Dereva alijifanya anatazama matairi. Kisha mama akainuka, akapangusa vumbi magotini.

"Haya. Nionyeshe ya kufulia."

Fundi Springi alimpeleka kwenye kona. Pale palikuwa na pande nene la shafti ya mashine, fupi, la mviringo, zito kama mfuko wa saruji. Lilikuwa na kutu. Halikuwa na pembe wala kiuno.

"Hili?" Mkwe akakunja pua. "Hili si kisiki?"

"Usiangalie sura. Hata wewe hukuolewa kwa sura tu," akasema Fundi Springi. "Shemeji, iachie goroli mwenyewe."

Mama Mfuaji aliliinamia lile pande, akaachia goroli. Ti! Ikaruka juu, karibu imrudie kiganjani. Akaiachia tena, katikati, kisha pembeni. Ti! Ti! Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya shuka ile.

"Lakini halina pembe," alisema.

"Wahunzi wengi huanza bila pembe. Tutachomeka kipande cha bomba nene kwenye gogo litakalolibeba, utapindia hapo. Tazama uso: umenyooka, hauna ufa. Ukilisimamisha hivi, uzito wote unakaa chini ya nyundo. Kwa nyundo ya kilo moja, fuawe ya kilo hamsini inatosha nyumbani. Ukitaka nyundo kubwa zaidi, na fuawe iwe nzito zaidi."

Walilipeleka nyumbani. Fundi Springi alisema meza haifai, kwa sababu inacheza. Wakaleta gogo zito la mti mgumu. Alimwambia Mama Mfuaji asimame wima, akunje ngumi, na auache mkono uning'inie.

"Uso wa fuawe uwe usawa wa ngumi yako. Ikiwa juu zaidi, bega linaumia. Ikiwa chini zaidi, mgongo unaumia. Hii itakuwa fuawe yako wewe, siyo ya mwanao. Yeye ni mrefu kama nguzo."

Walilikata gogo kwa kipimo hicho. Walichimba tundu juu yake, wakalisimamisha lile pande ndani, wakalibana kwa mikanda ya chuma. Likishikwa vizuri, kelele zinapungua, na majirani hawakuchukii. Gogo lenyewe wakalizika kidogo ardhini ili lisitikisike. Kando waliweka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga. Fundi Springi alimpa onyo la mwisho.

"Usichome bati wala bomba lililopakwa zinki, lile la kung'aa. Moshi wake ni sumu. Usivae nguo za nailoni. Viatu viwe vya kufunika mguu. Na nyundo usiipigishe kwenye fuawe tupu kwa nguvu, vyuma viwili vigumu havipendani. Umenisikia, shemeji?"

"Nimekusikia. Unasema kama redio."

Mama Mfuaji alivaa miwani ambayo Dereva alibadilishiwa dukani. Midomo yake ikasogea, alikuwa anasali. Akatoa ufito motoni, akagonga. Nyundo ikarudi juu yenyewe. Akagonga tena, ikarudi. Chuma kikalainika chini yake, kikanyooka kabla hakijapoa. Aliacha kugonga, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kulabu ya kwanza ilikatika. Ya pili ilifanana na kijiko. Mkwe aliomba aitumie kuchotea chumvi. Mama Mfuaji alijaribu kila siku jua lilipopungua, bila kujichosha. Siku moja akaishika ncha kwa koleo, akasokota shingo ikiwa nyekundu, akaipinda, akaitia majini. Ikapiga kelele, ikanyamaza. Ilikuwa kulabu.

Dereva aliipigilia karibu na mlango. Jumapili hiyo kaka yake Mama Mfuaji alikuja kusalimia. Siku hizi anatembea kwa mkongojo. Alipofika mlangoni alisimama. Aliisogelea kulabu, akaipapasa shingo kwa kidole gumba.

"Nani amefua hii?"

"Mimi, kaka."

Mzee aliguna. Akaipapasa tena.

"Umesokota kinyume. Baba alisokota kuelekea kulia. Hii imekwenda kushoto."

Mkwe akafungua mdomo ili amtetee mama. Mama Mfuaji akamzuia kwa mkono.

"Wewe ulisimama kando yake, kaka," alisema. "Uliona alivyoona yeye. Mimi nilikaa mbele yake, ng'ambo ya moto. Mkono wake ukienda kulia, kwangu unakwenda kushoto. Nimefuata nilichokiona."

Kidole cha mzee kilikuwa bado kwenye shingo ya kulabu.

"Ulikuwa unatazama," alisema mwishowe.

"Kila siku."

"Na hatukukupa nyundo."

"Hamkunipa."

Mzee aliketi kwenye ngazi, akaulaza mkongojo mapajani.

"Nifulie na mimi moja, mdogo wangu. Ya mlango wangu."

"Ya kwenda kulia, au kushoto?"

"Kama hiyo. Ya kwako."

Mama Mfuaji aliingia uani kuwasha makaa. Kaka yake akamfuata polepole, akatafuta mahali pa kukaa, akaketi ng'ambo ya moto.