Bwana Harusi Aliyekataa Kuoshwa Miguu

"Miguu niachieni, mama. Nitajiosha mwenyewe kisimani."

Mwanvita alibaki ameinama na kata ya maji mkononi. Tangu aolewe hapa Bagamoyo hajapata kusikia mgeni wa safari akikataa maji ya mlangoni, sembuse mkwe, tena mkwe ambaye kesho baada ya sala ya Ijumaa anamwoa mwanawe wa pekee.

Mkwe mwenyewe ni Rehani, kijana wa Kaole mwenye ulimi wa asali. Ilikuwa mwaka 1887, Sultani wa Unguja bado ndiye anayetoza ushuru forodhani, na Rehani kaingia mjini peke yake juu ya kitu kilichowatoa watu majumbani: magurudumu mawili ya chuma, moja mbele moja nyuma, mtu anakaa juu anakanyaga. Wakakiita punda wa chuma. Alisema kapewa na Mzungu aliyemtumikia huko Pangani, na kwamba ameteremka pwani yote siku baada ya siku, maji yakitoka anapita kwenye mchanga mbichi, yakijaa anapumzika. Leo ndiyo siku ya mwisho.

Na njiani hakuwa bubu. Kila msafara ulioingia ulimletea Ashura, mchumba wake, salamu: "Mwambieni nimekonda, nimechubuka, lakini kila nikikanyaga nalitaja jina lake." Ashura, mwari wa ndani asiyeonekana na watu, alikuwa akizirudia salamu hizo huku akisuka ukili, anacheka peke yake.

Sasa mwenye salamu kafika, na Mwanvita anamtazama. Kukonda kuko wapi? Safari humkausha mtu kama samaki wa ng'onda, huyu mashavu yamejaa kama aliyekuwa akiletewa sahani kitandani. Na miguu kaizungushia vitambaa, toka vidoleni hadi vifundoni.

Msabaha, baba mdogo wa Ashura na ndiye walii wa kumwozesha, hakuwa na habari. Alikuwa keshampanda yule punda, anayumba uani, kanzu imenasa kwenye mnyororo.

"Shemeji, usimkalie kijana kooni," akasema. "Mtu katoka Pangani juu ya chuma, wewe unatafuta taka za kucha."

"Natafuta kumwosha. Vumbi la njia haliingii kwangu. Hata ndugu yako, Mungu amrehemu, nilimwosha papa hapa."

Rehani akaeleza kwa upole kwamba vikanyagio vimemchuna nyayo, maji yatamwasha.

"Basi nikitazame kidonda," Mwanvita akasema, akapiga magoti, akashika fundo. Mkwe hawezi kumpiga teke mama mkwe. Kitambaa kikafunguka.

Nyayo zilikuwa na hina. Imeiva, imekolea hata inakaribia weusi. Kwa desturi yao bwana harusi hupakwa hina nyayoni usiku wa kuamkia harusi, na hina ya harusi hii ilikuwa bado imo kikapuni, haijatwangwa.

"Rehani, nini hii?"

"Dawa, mama. Nyayo zilipasuka. Bibi mmoja pale Saadani akanihurumia, akanipaka."

Msabaha akadakia kwamba hata yeye wakati wa kaskazi hupaka. Na ni kweli, hina ni dawa ya nyufa, nani asiyejua? Moyo wa Mwanvita ukaanza kulegea. Yeye mjane, watu wamekwisha kualikwa, na mwari akiachwa siku ya kuamkia nikaha, mji utasema ana kasoro. Angeweza kulifunga fundo lile na kunyamaza. Hapo ndipo mama wengi tunapowatosa watoto wetu, tena kwa mikono ya huruma.

Sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Mama, pitisha kidole. Kuna ufa?"

Mwanvita akapitisha kidole gumba, kisigino hadi vidoleni. Laini kama yai lililomenywa.

"Hakuna, mwanangu."

"Hata lengelenge moja?"

"Hata hilo."

Msabaha akashuka polepole.

"Rehani," Ashura akasema, "mkeo anaitwa nani?"

"Ashura, sikiliza kwanza..."

"Nimekuuliza jina."

Rehani akatazama kule njiani, kisha akatazama miguu yake. "Siwema."

Yaliyobaki yakatoka vipande vipande, Msabaha akiyavuta. Pangani hakufika. Alikuwa Saadani, ndani, akila fungate. Punda wa chuma ni wa baba yake Siwema, kamwazima mkwewe aende kuwasalimu jamaa zake Kaole. Salamu zote zile zilitumwa kutoka chumba cha bibi harusi mwingine, na safari yenyewe ilikuwa ya leo tu, alfajiri hadi sasa.

"Sheria inaruhusu wanne," Rehani akanong'ona.

"Inaruhusu," Ashura akajibu. "Lakini wewe ulimwapia baba yangu mdogo huna mke. Na Siwema, anajua umekuja kuoa?"

Rehani akainama, akaanza kuvifunga tena vitambaa vyake.

"Basi naye kaolewa na mtu asiyemjua."

Msabaha, aliyeapiwa kiapo kile, hakumtukana. Alimsukumia punda wake tu, akamwonyesha mlango wa ua. Maji yalikuwa yamekwisha kujaa ufukweni, Rehani akaenda akikokota chuma kwenye mchanga mkavu.

Mara sauti za vigelegele zikakaribia. Wanawake wa mtaa walikuja na michi yao begani, wakiimba, kutwanga mpunga wa karamu. Mlango ukafunguka, Ashura akatoka nje, mwari mzima, uso wazi. Mama yake alinyoosha mkono amrudishe, mkono ukaishia hewani.

"Dada zangu, mama zangu," Ashura akasema, "kesho hakuna nikaha."

Wimbo ukakatika. Mmoja wao akatua mchi chini, akauliza kwa ile sauti ya msibani, "Masikini, amekuacha?"

Mwanvita akaja akasimama mbele ya mwanawe, mikono bado inachuruzika maji.

"Hakuachwa," akasema. "Tumemkataa sisi."