Mzee Anakufa Ndani ya Cadillac

Mzee Yacoob alikutwa kwenye kiti cha nyuma cha Cadillac yake, miguu imenyooshwa, kofia ya viua imekaa sawasawa kichwani, kama abiria anayesubiri kupelekwa mahali. Uso wake ulikuwa mwekundu, uso wa mtu mwenye afya. Hilo ndilo lililomtisha Inspekta Luqmaan kabla hajagusa kitu.

"Moshi wa injini," alisema Nigel, daktari wa uchunguzi wa maiti, akiwa ameinama mlangoni mwa gari. "Damu ikijaa ile hewa ya sumu, maiti hupata rangi hii. Gari limewaka humu gereji ikiwa imefungwa. Na taya limeshakaza. Huyu amekufa tangu mchana."

"Angeweza kuliwasha mwenyewe?"

"Kwa mkono upi?"

Kweli. Kiharusi kilikuwa kimemchukua Mzee Yacoob upande mzima wa kulia. Kutoka kiti cha nyuma mpaka kwenye ufunguo ilikuwa safari asiyoiweza bila kubebwa. Basi aliuawa, hakuna cha kuzungushana.

Luqmaan alisimama pale gereji, katikati ya Greyville, mtaa wa Durban, hajui mikono aiweke wapi. Yeye mwenyewe alipelekwa kwenye ndoa yake ndani ya gari hilo hilo. Cheo cha inspekta kilishabadilishwa jina zamani, lakini mtaani bado wanamwita hivyo, naye hajawahi kumsahihisha mtu.

Gari lenyewe lazima nikusimulie, la sivyo hutaelewa kwa nini watu walilipenda hivyo. Ni la mwaka hamsini na tisa, rangi ya maziwa, mapezi ya nyuma yamepanda juu hata watoto wakauliza kama linaogelea. Kila bwana harusi aliyelikodi alipewa darasa zima na mwenye gari. Kwamba jina ni la Mfaransa aliyeanzisha mji wa Detroit. Kwamba zamani, huko Uingereza, Cadillac tatu zilifunguliwa vipande vipande, vyuma vikachanganywa rundo moja, zikaungwa upya, na zote zikawaka. Kwamba ndizo zilizoleta swichi ya umeme, zama ambazo mkono wa kuwashia ulikuwa ukiwavunja watu mifupa. Bwana harusi anatoka jasho ndani ya suti, mzee hana habari, bado yuko Detroit.

Enzi za ubaguzi Yacoob alikuwa dereva wa tajiri mwenye gari hilo. Aliliosha, akaliendesha, na mlango wa mbele wa nyumba ya tajiri hakuruhusiwa kuukanyaga. Tajiri alipofariki, akalinunua yeye. Kwa hiyo kukaa kiti cha nyuma kila mchana, hata mwili ulipokwisha nguvu, haikuwa starehe tu. Alikuwa anajilipa.

Usukani wake uko kushoto, na madereva wa Durban waliukimbia. Ndiyo sababu alimwajiri Pierre-Claver, fundi kutoka Lubumbashi, ambako watu wamezoea kuendesha upande huo. Wawili hao walielewana kwa Kiswahili. Mzee alikipata kwa bibi yake, maana ukoo wao, kama wa Luqmaan, ni wa Waislamu wa Durban wenye asili ya Afrika Mashariki. Luqmaan alijivunia sana Kiswahili chake. Wenzake kituoni walipotaka kuita mkalimani siku ile, aliwaambia waache, hana haja naye.

Alimhoji fundi mwenyewe.

"Ulitoka wakati gani?"

"Kisha adhuhuri. Namuweka mzee ndani ya motoka, vile siku zote. Naenda Warwick kwa Dominiki, kutafuta waya ya betri."

"Mlango wa gereji?"

"Naacha wazi."

"Uliporudi jioni?"

"Mlango unafungwa. Nasikia mashine iko nalia. Nafungua, nazima mashine, naona mzee anakufa."

"Ulimkuta anakufa?"

"Anakufa, ndiyo."

"Ukafanya nini?"

"Naita mama, kule juu. Namwambia mzee anakufa. Kisha nakaa chini. Miguu inakataa."

"Ulikaa chini. Hukuita ambulensi?"

"Ya kufanya nini, Inspekta? Si nakuambia mzee anakufa?"

Luqmaan aliweka kalamu mezani. Amesikia mengi katika kazi hii, lakini lile jibu lilimchefua. Akaandika maelezo kwa Kiingereza, akamsomea haraka haraka, na Pierre-Claver, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kupatana bei, akatia sahihi.

Mjane, Bi Khairoonisa, alihojiwa kwenye fleti yake juu ya gereji. Alikuwa mkavu wa macho, tasbihi mkononi. Luqmaan alimwita shangazi, kama mtaa mzima ulivyomwita.

"Fundi alikuambia nini, shangazi?"

"Alisema, 'Mama, mzee anakufa.'"

"Ndivyo alivyosema?"

"Neno kwa neno."

Hesabu ikawa nyepesi. Mtu aliyekufa mchana hawezi kukutwa anakufa jioni. Fundi amedanganya, na mtu hadanganyi bure. Halafu wapangaji wa jengo lile walisikia mzee akimfokea jana yake kwa sababu ya kabureta. Pierre-Claver akashtakiwa kwa mauaji, akapelekwa mahabusu. Kifungo chake, kesi ikisimama, kingekuwa cha maisha.

Siku chache baadaye Luqmaan alishuka sokoni Warwick Junction kumtafuta Dominiki, ili afunge jalada vizuri. Mahali pa Dominiki hapakuwa na mtu. Jirani yake, Cédric, Mkongomani anayeuza kava na chaji za simu, ndiye aliyekuwepo.

"Dominiki anaenda Pinetown," alisema Cédric.

"Sharp. Ngoja nimwahi kabla hajaondoka. Kapandia taksi upande gani?"

Cédric akamtazama. "Kumuwahi wapi? Anaenda tangu asubuhi."

"Si umesema anaenda?"

"Ndiyo. Anaenda. Haiko hapa."

"Maana yake bado yuko njiani kuondoka?"

"Eish, Inspekta. Angekuwa bado, ningesema iko naenda. Mimi nasema anaenda. Inaisha."

Akina mama wa mitishamba jirani walianza kucheka. Luqmaan hakucheka. Alisogea karibu na meza ya Cédric.

"Nyinyi wa Lubumbashi," alisema polepole, "mkisema mtu anakufa..."

"Anakufa? Pole. Munamuzika lini?"

"Na kama bado anapumua?"

"Hapo iko nakufa. Unamupeleka hospitali haraka."

Luqmaan alirudi kwenye gari lake, akaketi bila kuwasha. Robot ya pale mbele, ile taa ya barabarani, ikawa nyekundu, ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, taksi zikimpigia honi. *Ya kufanya nini? Si nakuambia mzee anakufa?* Mtu alimwambia mara tatu kwamba amekuta maiti, na yeye, mwenye Kiswahili cha bibi yake, akaandika kwamba mtu huyo alikaa chini kutazama mwenzake akikata roho.

Alikwenda mahabusu moja kwa moja. Pierre-Claver alikuwa amekonda, na jicho moja lilivimba.

"Nilikusikia vibaya," alisema Luqmaan. "Nisamehe. Nitaandika upya."

"Usijisumbue, Inspekta. Avoka wangu wa korti anasema nikikubali kosa, watapunguza miaka. Siku ya Jumatatu nitakubali."

"Lakini hukuua."

"Siku ile nasema kweli, munaandika uongo. Sasa nitasema uongo, wataandika kweli. Kisha nitapumzika." Akainuka mwenyewe, akagonga mlango ili arudishwe ndani.

Luqmaan akakimbilia kwa Abby, mwendesha mashtaka, binti wa Wakenya aliyekulia hapo hapo Durban. Abby alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unataka nisimame mbele ya jaji niseme kesi imeanguka kwa silabi moja?"

"Ndiyo ukweli."

"Naamini. Lakini mshtakiwa mwenyewe anakiri, sahihi yake ipo, ugomvi upo, na wewe ndiye uliyeandika. Nipe mtu mwingine, Luqmaan. Ukinipa mtu, huyu namwachia."

Hakuwa na mtu. Hakuwa na alama za vidole za maana, kwa kuwa wote wa nyumba ile waligusa gari lile kila siku. Alikuwa na silabi moja, na siku mbili zilizobaki mpaka Jumatatu. Na alikuwa na swali moja ambalo hakulipenda kabisa.

Alimkuta Bi Khairoonisa jikoni, anachambua mchele. Akamwamkia. Akakaribishwa kiti.

"Shangazi, Pierre-Claver amekaa hapa kwenu muda mrefu."

"Tangu mjukuu wangu hajaanza shule."

"Akikuambia 'mama, chai inaisha,' unakwenda kutazama kwenye birika?"

"Nitazame nini? Nanunua majani."

Alijibu bila kufikiri, kama mtu anavyojibu jambo la nyumbani kwake. Kisha vidole vikasimama juu ya mchele.

Luqmaan angeweza kubana hapo, ndiyo kazi yake, lakini nguvu zilimwishia. Huyu mama ndiye aliyempaka hina mkewe.

"Basi ulijua alichomaanisha," alisema mwishowe.

"Nilikuambia alichosema. Neno kwa neno. Wewe ndiye uliyelisikia kivyako."

"Na ukaniacha."

"Nikakuacha."

"Kwa nini?"

Bi Khairoonisa akausukuma ungo pembeni.

"Nilishuka fundi alipoondoka. Nikafunga mlango wa gereji. Nikakaa mbele, nikageuza ufunguo. Akanitazama kwenye kioo, akafurahi. Kusema kulikuwa kazi kwake, lakini alisema. Akaniuliza, 'Tunakwenda wapi?'"

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia, 'Kwa Jannah.' Nikapanda zangu ngazi."

Jannah alikuwa mtoto wao wa pekee. Alifariki kwa uzazi, miaka mingi sasa, akamwachia mama yake kichanga. Luqmaan alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

"Ambulensi ilichelewa," alisema. "Nakumbuka."

"Ilichelewa. Watu wote wanakumbuka ilichelewa. Gari lilikuwa chini, limejaa mafuta. Mume wa Jannah yuko zamu bandarini, mwanangu amejifungulia sakafuni, damu haikatiki. Nikamwambia Yacoob, lete gari. Akaniambia, 'Viti ni vyeupe, Khairoon, na kesho kuna harusi. Ambulensi iko njiani.' Alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, unamjua. Akaenda kusimama barabarani kuingojea."

"Shangazi."

"Ngoja. Nilimsamehe. Usifikiri niliishi naye na kisu moyoni. Nilijiambia, ngozi nyeupe, damu, pengine kweli ingeharibika. Pengine mwanamume ana yake anayoyaona. Niliishi kwa hilo."

Akaokota punje ya mchele mezani. Nje, mtu alikuwa anaita wateja wa ndizi.

"Mwezi uliopita kulikuwa na harusi. Mtoto wa watu akamwaga sharubati nyuma, nyekundu, jagi zima. Nikashika kichwa. Fundi akachukua kitambaa na maji ya sabuni, akapangusa. Mara moja tu, Luqmaan. Ikatoka yote. Na Yacoob akacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki, akamwambia yule mtoto asilie. Akasema, 'Hii ni ngozi ya Cadillac. Haishiki doa.'"

Luqmaan alitazama meza.

"Alikuwa anajua," alisema Bi Khairoonisa. "Tangu usiku ule alijua kwamba ingetoka."

"Na fundi? Angefungwa maisha."

"Kila nikimfikiria, naona kile kitambaa. Nilitaka awe mbali na macho yangu, basi. Ni dhambi, najua. Nimekesha nayo." Akajifuta mikono. "Sasa andika. Andika nilivyosema, usinitafsirie."

Aliandika. Aliandika kwa Kiswahili, pale pale jikoni, akisoma kila sentensi kwa sauti, na kila mara alimuuliza kama ndivyo. Jumatatu Pierre-Claver angetoka. Hilo lilikuwa jambo jema, na Luqmaan alijaribu kulifurahia, likakataa. Alikuwa anamtoa mtu mmoja mahabusu na kumpeleka bibi wa watu mahali pale pale, na hakuna kati yao ambaye angerudishiwa alichopoteza.

Akamsaidia kuvaa viatu. Wakashuka ngazi. Hakukuwa na njia nyingine ya kutokea isipokuwa kupitia gereji, katikati ya ukuta na ile Cadillac. Bi Khairoonisa alitangulia, macho mbele, hakuligeukia gari hata kidogo. Lakini mkono wake, wenyewe tu, kwa mazoea ya miaka, ulilikusanya baibui na kulibana ubavuni, lisije likagusa rangi.