Dakika Tatu za Zéphyrin

Kila jioni Laurentine hushuka basi kaskazini mwa jiji la Columbus, Marekani, si mbali na barabara ya Morse Road. Anatoka ghalani, ambako hufungasha viatu kwenye maboksi kutwa nzima. Miguu inamuuma. Nyumba yake anaiona kabisa, ng'ambo ya barabara. Hata taa ya jikoni anaiona. Lakini kufika ndiyo kazi. Barabara ina njia tano za magari, na mahali pa kuvukia pako mbali sana. Kwa hiyo Laurentine husimama ukingoni, hungoja upenyo, kisha hukimbia na begi lake kifuani.

Watu wengi wa mtaa ule hufanya hivyo. Oktoba iliyopita, msichana wa jirani aitwaye Gracieuse alikimbia hivyo hivyo, na gari likamgonga. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mguu ulivunjika vibaya.

Jioni ya ajali ile Laurentine alifika nyumbani, akatupa begi mezani. Mumewe Zéphyrin, mkimbizi kutoka Kongo kama yeye, alikuwa anasonga ugali.

"Papa Chimène," alisema. Humwita hivyo kwa sababu binti yao wa kwanza ni Chimène, aliyeolewa Lackawanna, karibu na Buffalo. "Ile barabara itanimaliza."

"Bon, tufanye je sasa? Sisi tuko wageni. Hatuna hata uraia. Tukilalamika, batasema tumeshiba."

Mwalimu Ingabire wa ghorofa ya juu alikuwa mlangoni, amewaletea maharage. Mama huyu alikulia kambini Nyarugusu, Tanzania. Baadaye aliishi mji wa Louisville, mtaa wa Iroquois, na sasa anafundisha darasa la uraia. Maneno ya Zéphyrin yalimkera.

"Hapana, baba. Katiba ya nchi hii ina Marekebisho ya Kwanza. Yana zaidi ya miaka mia mbili. Yanasema watu wana haki ya kusema, ya kukusanyika kwa amani, na ya kuiomba serikali iondoe kero zao. Yanasema watu. Hayasemi raia peke yao."

"Tutamuomba nani?"

"Barabara ni ya jiji. Madiwani wa jiji wana kikao cha wazi. Unajiandikisha kabla, halafu unapewa dakika tatu za kusema."

Zéphyrin alifikiri. "Nawabebea nini? Kuku?"

"Usibebe hata yai."

"Mikono mitupu, mbele ya bakubwa?"

"Mitupu, baba! Ukipeleka zawadi, watadhani unawanunua. Haki yako hailipiwi."

Basi Zéphyrin akajiandikisha, tena kwa furaha. Kusema ndicho kipaji chake. Harusi ikiwa Louisville, msiba ukiwa Buffalo, ubatizo ukiwa hapa Columbus, anaitwa yeye kushika kipaza sauti. Watu humpenda kwa sababu hamsahau mtu. Huanza na mchungaji, akaja kwa wazee, wakwe, waliotoka mbali, mpaka kwa mama waliopika.

Siku ya kikao alivaa suti ya bluu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini sauti ilijaa ukumbi.

"Mheshimiwa Rais wa Halmashauri! Waheshimiwa madiwani, kila mmoja katika cheo chake na sifa zake! Mheshimiwa katibu! Maofisa wa usalama mliosimama mlangoni!"

Aliwashukuru kwa jengo zuri. Aliwaombea afya, wao na familia zao. Alieleza jinsi moyo wake ulivyojaa heshima. Kisha akavuta pumzi ili aingie kwenye habari ya barabara. Kengele ikalia.

"Asante sana, bwana," alisema Rais wa Halmashauri kwa upole. "Muda wako umekwisha. Anayefuata, tafadhali."

Zéphyrin alibaki ameshika karatasi yake. Wote walikuwa na muda sawa, hata tajiri wa maduka aliyesema kabla yake. Hakuwa na wa kumlaumu.

Walipofika nyumbani, Laurentine alifoka.

"Umesalimia hata mulinzi wa mlango! Barabara, hapana! Mguu wa Gracieuse, hapana! Na mi kesho nitakimbia tena!"

"Mama Chimène, mutu anaweza anza maneno mbele ya bakubwa bila salamu? Donc niwe mutu asiye na adabu?"

Aliona aibu sana. Kesho yake Mwalimu Ingabire alipopewa habari, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavuta kiti.

"Unamjua Abraham Lincoln?"

"Yule wa kwenye noti?"

"Huyo huyo. Alikuwa rais wakati watu wa nchi hii wanapigana wao kwa wao. Ilikuwa vita kubwa, na utumwa ndicho kiini chake. Mwaka 1863, kule Gettysburg, walizindua uwanja wa makaburi ya askari waliokufa vitani. Msemaji mkuu siku hiyo alikuwa bingwa wa hotuba. Alisema saa mbili hivi."

"Huyo anajua kazi!" alisema Zéphyrin.

"Ngoja. Akasimama Lincoln. Alisema kama dakika mbili tu."

"Rais? Dakika mbili?"

"Rais mzima. Alikumbusha kwamba nchi ilizaliwa na neno moja, lile la Tangazo la Uhuru, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Akasema askari wamekufa kwa ajili ya neno hilo, na waliobaki wamalizie kazi, ili serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu, isitoweke duniani. Akakaa. Leo watoto shuleni wanajifunza hotuba yake. Ile ya saa mbili, wachache sana wanaikumbuka."

Zéphyrin alikuna kichwa. "Na salamu?"

"Hakumsalimia mtu. Heshima yake ilikuwa kuwaambia jambo lenyewe. Wewe sema 'itifaki imezingatiwa' moyoni mwako, kisha anza. Sema wewe ni nani, kero ni nini, imemuumiza nani, na unaomba nini. Basi."

Wiki nzima alifanya mazoezi jikoni. Laurentine alitega saa ya kupikia. Kila salamu iliyofutwa ilimuuma Zéphyrin kama jino linalong'olewa. Aliomba walau salamu ya katibu ibaki. Laurentine akakataa.

Kabla ya kikao cha pili, Mwalimu Ingabire alihimiza jirani zao waje. Zamu yake ilipofika, Zéphyrin alisimama. Akameza salamu zake zote.

"Jina langu ni Zéphyrin. Ninakaa kaskazini ya mji. Mke wangu anashuka basi ng'ambo ya nyumba yetu. Mahali pa kuvukia pako mbali, basi anakimbia katikati ya magari. Jirani yetu Gracieuse alikimbia pia. Ana miaka kumi na sita. Gari lilimvunja mguu. Tunaomba taa ya kuvukia mbele ya kituo kile. Nilipita vita, na mke wangu nikamfikisha hapa mzima. Sitaki nimpoteze kwa sababu ya barabara."

Akakaa. Kengele ilikuwa bado haijalia.

Diwani mmoja akaegemea mbele. "Wangapi wamekuja kwa ajili ya barabara hii?"

Viti vikagongana. Safu tatu za nyuma zilisimama. Wakongo, Wasomali, Wanepali, na mzee mmoja Mmarekani aliyesema amelalamika peke yake kwa miaka. Mbele yao alisimama Gracieuse na magongo yake. Laurentine alilia bila kujificha. Diwani akawaagiza wahandisi waende kupima.

Walikuja kweli. Walihesabu magari na watu. Ilichukua majira ya baridi yote, na Mwalimu Ingabire aliwapigia simu mara nyingi, maana kuomba ni pamoja na kufuatilia. Theluji ilipoyeyuka, mafundi wakachimba na kusimika nguzo.

Jioni ya kwanza Laurentine alishuka basi, akabonyeza kitufe. Taa ikawa nyekundu kwa magari. Lori kubwa likasimama. Mabasi yakasimama. Njia zote tano zikanyamaza, zikimsubiri mwanamke mmoja wa ghalani.

Hakukimbia. Alitembea taratibu katikati ya barabara ile, begi begani, kichwa juu, kama bibi harusi anayeingia kanisani.