Anwani za Nyumba Zisizo na Paa

Kila alasiri, nguo zikishakauka, Mama Mnara hupanda juu ya nyumba kuzianua, kisha husahau kushuka. Hukaa chini ya mnara wake mdogo wa intaneti, akitazama kilima kikielea katika mwanga laini. Nyumba zilizokwisha, nyumba zinazojengwa, viwanja vitupu: machoni pake kote kuna watu, na wote wako mtandaoni.

"Nguo zitalowa umande, wewe!" humwita mumewe, fundi saa.

"Niache niote, baba. Kuota hakulipiwi."

Mtandao ule aliuanzisha mwenyewe. Unahudumia nyumba za jirani, shule na zahanati. Wakati mmoja moyo wake wote ulikuwa zahanati. Binti yao alikuwa mjamzito, na mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Kila wiki mkunga alimpima kwa mashine, na daktari bingwa wa hospitali ya mbali akaitazama picha papo hapo kupitia mtandao huo.

Lakini huduma ya kampuni iliyomuuzia Mama Mnara intaneti ilikuwa ikikatika ovyo. Akajiunga na kampuni ya pili pia. Wapi! Ya kwanza ilipokatika, daktari alibaki anatazama kioo cheusi vilevile. Binti akarudi nyumbani analia.

Mama Mnara hakulaza damu. Akamwendea jirani yake, Dada Waya, aliyefundisha mambo ya mitandao chuoni.

"Anwani unazotumia ni za nani?" aliuliza Dada Waya.

"Anwani zipi tena?"

"Kila mtandao una namba zake, kama namba ya nyumba. Hospitali huipata zahanati kwa namba hiyo. Zako umeazimwa na kampuni ya kwanza. Ikikatika, nazo hazifikiki. Omba zako mwenyewe. Hizo zitapita kwenye kampuni yoyote."

Mama Mnara akaenda kichwa kichwa. Akaiandikia ofisi inayogawa anwani, akaomba za kilima kizima: nyumba zisizo na paa, hata viwanja. Jibu likaja: ombi halikukubaliwa, thibitisha matumizi.

Iliuma. "Wameniona mdogo," alimwambia Dada Waya. "Wangeomba matajiri, wangepewa."

Dada Waya alisoma lile ombi, akacheka hadi akashika mbavu. "Mwenzangu, na mbuzi wa pale kiwanjani umemwombea anwani?"

"Patajengwa!"

"Jikune ujipatapo. Udogo si kosa. Mtandao mdogo nao unastahili, ukitimiza masharti. Anwani ziko za aina mbili. Za zamani, ulizoomba, zimebaki chache mno, kwa hiyo wanauliza: unatumia ngapi sasa? Utatumia ngapi karibuni, na ushahidi uko wapi? Umeunganishwa na kampuni zaidi ya moja? Hilo unalo. Kila ukanda wa dunia una ofisi yake na masharti yake. Tuyasome kwanza, ndipo tuandike."

"Na simu za watu je, si kila moja inataka anwani?"

"Simu za nyumba moja zinaweza kutumia anwani moja kwa pamoja."

"Na kilima changu?"

"Omba na anwani za aina mpya. Hizo ni tele. Kilima kitajaa, na nyingine zitabaki."

Wakapita mlango kwa mlango, wakihesabu vilivyopo tu. Kila alipoiruka nyumba isiyo na paa, Mama Mnara aliumia kana kwamba anafukuza wapangaji. Lakini aliiruka. Wakachora mtandao ulivyo, wakaambatanisha mikataba ya kampuni zote mbili.

Safari hii akakubaliwa. Alipewa fungu dogo la aina ya zamani na fungu kubwa la aina mpya. Dada Waya akaweka mitambo sawa, kampuni zote mbili zikaanza kuzipitisha anwani zile, na hospitali ikaarifiwa.

Siku ya kipimo ikafika. Binti amelala kitandani, mama yake amemshika mkono. Ghafla, kwenye mtambo wa ukutani, taa ya kampuni ya kwanza ikazimika. Picha ikaganda.

Kisha picha ikatikisika, ikaendelea.

"Nipo, nipo," ilisikika sauti ya daktari. "Mkunga, sogeza kidogo kushoto. Hapo hapo. Mama, mtoto amegeuka. Kichwa kiko chini."

Binti akaangua kilio, cha furaha sasa. Mama Mnara akasogea hadi kwenye kioo. Akakitazama kile kichwa kidogo, akasahau kabisa ni kampuni ipi iliyokatika.